Nguo za Marehemu ni za Nani?



Swali ambalo ningependa tulifikiri pamoja nililetewa na mjane mmoja wa hapa Kilembwe. Aliniletea mimi kwa kuwa mimi ni katekista, naye alidhani kwamba katekista hujua. Ilikuwa siku ya Dominika, sala ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wamekwenda zao, naye alibaki akifagia kikanisa chetu. Mume wake alikuwa amezikwa yapata mwaka mmoja. Akaegemeza ufagio ukutani, akaniambia: “Shemeji, koti la marehemu lingali limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mtoto hulivaa asubuhi za mvua akienda shambani, na jioni hulirudisha palepale. Wengine huniambia kwamba kuweka nguo za mfu nyumbani ni kumwita arudi. Wengine husema nilitoe, maana Mkristu hashikamani na vitu. Wewe wasemaje?”

Aliniita shemeji kwa sababu mume wake alikuwa kaka yangu, tumbo moja na mimi.

Nilimjibu pale pale, kama mwanafunzi aliyekariri somo lake vizuri. Nikamweleza habari za yule kijana tajiri aliyemwendea Bwana wetu na kuondoka mwenye huzuni, kwa kuwa mali yake ilikuwa nyingi. Nikamweleza kwamba vitu vya dunia tumeazimwa tu, na moyo uliofungwa kwenye kitu hauwezi kupaa kwenda kwa Mungu. Mwisho nikamwambia alitoe lile koti. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akasema, “Asante, shemeji,” akauchukua ufagio wake na kuendelea na kazi.

Hata leo sioni katika jibu lile neno ambalo Padri wetu angelifuta. Lakini iko kweli inayosemwa na mtu asiyeijua, na kweli ya namna hiyo humwangukia msikilizaji kama jiwe. Nilikuja kutambua jambo hilo miaka miwili baadaye, mke wangu alipokufa.

Alikufa katika kiangazi, kwa homa iliyomshika siku nne. Sitaandika mengi juu ya siku zile. Aliyefiwa anazijua, na asiyefiwa hataambiwa na karatasi. Nitaandika juu ya sanduku. Mke wangu alikuwa na sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, na ndani yake mlikuwa vitenge vyake, vingine vya kuvaa kanisani, vingine vilivyochakaa alivyofungia watoto mgongoni, na kimoja kipya ambacho hakijakatwa. Nje ya sanduku kulikuwa na jembe lake, ambalo mpini wake ulikuwa umelika mahali pa mikono yake miwili, na kinu na mchi, na sufuria moja kubwa iliyopondeka ubavuni.

Sufuria ile yataka maelezo kidogo. Watu wa nchi za mbali wanaposoma vitabu vya kiroho juu ya kuacha mali, hufikiri juu ya kabati lililojaa nguo ambazo hakuna anayezivaa. Sisi wa Fizi tumefundishwa kuacha mali kwa namna nyingine. Wazee wetu walikimbilia porini mwaka 1964 na 1965. Sisi wenyewe tulikimbia mwaka 1996, na tena mwaka 1998, na mara nyingine nyingi ambazo hazikuandikwa popote. Mtu akisikia bunduki usiku hana nafasi ya kufikiri. Hubeba mtoto, na mkono wa pili hushika kitu kimoja. Mke wangu alishika sufuria. Aliibeba kichwani, akaanguka nayo mtoni gizani, na pondeko lile ni la usiku ule. Ndani ya sufuria ile tulipika majani tuliyoyachuma porini, na watoto wakapona. Basi niambieni, je, chombo cha namna hiyo ni mali? Kwa tajiri kitu ni ziada ya maisha yake, bali kwa maskini kitu ni kazi ya mikono ya mtu fulani na usiku fulani ambao hakufa. Mwalimu wa dini asiyeijua tofauti hiyo ni afadhali anyamaze kidogo kwanza.

Baada ya mazishi ndugu zake mke wangu walikuja, wakauliza kwa adabu kama wanaweza kupewa nguo za dada yao. Nikawaambia wangoje. Wakangoja miezi mitatu, wakaja tena, nikawaambia wangoje. Kufuli ya sanduku nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu, na ufunguo niliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Kila jioni, kabla ya sala ya usiku, niliigusa ile kufuli. Siku za kwanza niliigusa kisha nikasali. Baadaye niliigusa tu.

Naungama hapa mbele yenu kwamba kwa muda wa mwaka mzima na miezi miwili niliongoza sala za Dominika kwa mdomo peke yake. Nilifundisha wakatekumeni ushirika wa watakatifu, ufufuko wa miili na uzima wa milele, wakajibu vizuri, wakabatizwa. Nami niliyewafundisha nilikuwa kama ngoma, yenye sauti nje na utupu ndani. Sikuwa nimemkana Mungu. Nilikuwa nimechoka naye, kama mtu anavyochoka na jamaa aliyekuja kuomba mkopo akasahau kulipa. Watu wakanisifu kwa uvumilivu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya panya. Usiku mmoja nikasikia sauti ndani ya sanduku. Bati lilikuwa limeoza kwa chini, panya ametoboa na kuingia. Nikashika taa, nikasogeza ufunguo mpaka kwenye kufuli, na mkono wangu ukakataa kufungua. Nikakaa chini sakafuni nikisikiliza panya akila vitenge vya mke wangu, wala sikuweza kufungua. Katika kukaa pale nikajiuliza: ninaogopa nini? Nikaona kwamba ninaogopa kukuta kwamba hayumo. Maana mahali pengine pote nilikuwa nimekwisha kumtafuta na kumkosa, na nilikuwa nimebakiwa na sanduku tu. Kumbe nililinda sanduku kwa kuwa sikuamini kwamba mke wangu yupo mahali pengine popote.

Hapo, nikiwa nimekaa sakafuni, nikakumbuka habari mbili za nguo zilizomo katika Injili ya Mtakatifu Yohane, ambazo nilikuwa nimezisoma mara nyingi bila kuziweka pamoja.

Ya kwanza ni ya Ijumaa Kuu. Bwana wetu angali hai juu ya msalaba, na chini yake askari wanagawana nguo zake. Mavazi wanayafanya mafungu manne. Ile kanzu isiyo na mshono wanaipigia kura. Na Mama yake amesimama pale, mwanamke ambaye, kama Kanisa linavyosadiki tangu zamani, alikuwa amekwisha kufiwa na Yosefu. Anatazama watu wakichukua vazi la mwanawe, wala hakuna anayemwuliza.

Nikiifikiri habari hiyo nilianza kuona mlango wa nyumba ya kaka yangu.

Katika nchi yetu mambo haya yanajulikana, ingawa kanisani hatuyasemi sana. Mume akifa, kabla matanga hayajaondolewa, ndugu wa mume huingia nyumbani. Mmoja huchukua godoro, mwingine mbuzi, mwingine mabati kama yapo, na mjane hubaki ameketi juu ya mkeka akisubiri aone kama mkeka wenyewe utaachwa. Wazee wakiulizwa hujibu kwamba ndiyo desturi. Nao husema kweli, ila husema nusu yake. Desturi ya zamani ilikuwa na pande mbili: ukoo ulioichukua mali ya marehemu ndio uliochukua na mzigo wake. Aliyechukua jembe la ndugu yake alilima shamba la mjane kwa jembe lile lile, akaezeka paa lake, akawalisha yatima pamoja na watoto wake. Leo upande wa mzigo umesahauliwa, umebaki upande wa mali. Kitu kama hicho tusikiite desturi ya wazee, maana wazee wangeona haya kwa ajili yetu.

Sheria ya nchi nayo haikubali. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, inawataja watoto kuwa warithi wa kwanza, na inampa aliyefiwa, mume au mke, haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vilivyomo. Na kabla ya sheria hiyo, karne nyingi kabla yake, Torati ya Musa ilikataza mtu kuchukua vazi la mjane liwe rehani. Tuangalie vizuri: rehani ni kitu cha kurudishwa, tena hutolewa na mdeni. Hata hivyo Mungu alikataza. Atasema nini juu ya yule anayechukua bila deni na bila kurudisha?

Ndiyo maana nasema kwamba hatuwezi kumfundisha mjane kuacha kabla hatujamrudishia. Mtu hawezi kutoa alichonyang’anywa. Akivumilia kunyang’anywa, hiyo ni fadhila, lakini ni fadhila yake mwenyewe. Mnyang’anyi asije akaipanda mimbarini akaifanya mafundisho. Tazameni Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Mumewe Ludwig alikufa mwaka 1227 huko Otranto, akiwa njiani kwenda vitani. Mkewe alikuwa na miaka ishirini, tena mama wa watoto watatu. Akaondoka katika ngome ya Wartburg. Kama alifukuzwa na shemeji yake au aliondoka kwa hiari, waandishi hawapatani. Lakini baadaye alilipwa fedha zilizokuwa haki yake ya ujane, naye kwa fedha hizo akawagawia maskini, akajenga nyumba ya wagonjwa mjini Marburg mwaka 1228, akawaosha vidonda kwa mikono yake mpaka alipofariki mwaka 1231. Alipokea kwanza, kisha akatoa. Katika picha zake tunaonyeshwa ukarimu peke yake, na watu huisahau ile haki iliyoutangulia.

Sasa nitasema lile ambalo nimelizungushia maneno mengi. Kaka yangu alipokufa, mimi nilichukua baiskeli yake.

Sikuichukua kwa ukali. Nilisema naihitaji kwa kazi ya Mungu, nipate kufika kwenye vijiji vya mbali kufundisha. Na ilikuwa kweli, nilifika. Hakuna aliyenizuia. Shemeji yangu alikuwa mkekani na kitambaa kichwani, akanitazama nikiipitisha mlangoni, akainamisha macho. Kaka yangu aliinunua kwa kuuza karanga miaka miwili. Kwa baiskeli ile alipeleka mihogo sokoni, na ndiyo iliyolipa ada ya shule ya wanawe. Nami siku ile ya Dominika, niliposimama kanisani nikamfundisha mjane wake asishikamane na koti, baiskeli ilikuwa nje, imeegemea ukuta wa kanisa. Alifagia mpaka mlangoni, lazima aliiona. Asante, shemeji, akasema.

Nilitoka pale sakafuni kulipopambazuka. Sikufungua sanduku siku ile.

Habari ya pili ya nguo ni ya asubuhi ya Pasaka. Petro na yule mwanafunzi mwingine wanakimbia kaburini. Hawamwoni Bwana, hawaoni malaika. Wanaona nguo tu. Sanda imelala, na kile kitambaa cha kichwani kimekunjwa kando. Naye Mwinjili asema kwamba mwanafunzi yule aliingia, akaona, akasadiki. Mimi nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba alisadiki ingawa hakuona kitu. Sivyo. Aliona nguo zilizoachwa. Mwizi wa maiti hakunji kitambaa. Nguo zile zilimwambia kwamba mwenyewe ameondoka kwa amani, hazihitaji tena. Nguo zile zile ambazo mtu mwenye hofu angezikumbatia na kuzililia, kwake zilikuwa ushahidi wa kwanza wa ufufuko, kabla hajamwona Bwana kwa macho.

Sitaki kusema zaidi ya nilichopewa. Sikuona nuru, wala sikusikia sauti. Nilielewa tu kwamba sanduku tupu si lazima liwe na maana niliyoiogopa.

Labda msomaji mmoja ataniuliza: “Mbona Kanisa lenyewe huweka vitu vya marehemu? Je, hatuheshimu masalia ya watakatifu?” Ni swali zuri. Ndiyo, tunayaheshimu, na sisi wa jimbo la Uvira hatuna budi kulifikiri zaidi tangu tarehe 18 Agosti 2024, siku ile Mapadri Giovanni Didonè, Luigi Carrara na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, walipotangazwa kuwa wenye heri. Lakini angalieni masalia huwekwa wapi. Tangu kale Kanisa huyaweka chini ya altare, yaani chini ya meza ambapo walio hai wanalishwa. Hayawekwi ili mtu mmoja ayashike peke yake gizani. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kuweka, bali kufunga.

Na hapo ndipo nilipolielewa koti la shemeji yangu, ambalo nilikuwa nimelihukumu bila kulisikiliza. Alikuwa ameniambia yote: mtoto hulivaa asubuhi za mvua. Koti lile lilikuwa msumarini, si kifungoni. Lilitoka kila siku ya mvua likamkinga yatima, likarudi limelowa. Kumbukumbu ya kaka yangu ilikuwa bado inafanya kazi ya baba. Nami nilimwambia alitoe!

Wasomaji mtakumbuka habari ya Tabita wa Yopa, aitwaye pia Dorkasi, katika Matendo ya Mitume. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo marehemu aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Mimi nimependa kufikiri kwamba nguo zile wengine walikuwa wamezivaa mwilini. Sala yao kwa Mtume ilikuwa ni kushika pindo la nguo na kusema, huyu ndiye aliyeshona. Petro hakuwakemea. Hakuwaambia kwamba wameshikamana na vitu vya dunia. Aliwatoa nje, akapiga magoti, akasali. Nguo za mtu mwema zikivaliwa na walio hai husema habari zake vizuri kuliko zikilala katika sanduku, na hata Mtume wa Bwana huzisikia.

Kuna kitu kimoja kingine ambacho mfiwa hukishika, tena ndicho kigumu kuachwa kuliko nguo: ni kaburi. Wengi wetu tunataka kulala kando ya yule tuliyeishi naye. Mtakatifu Monika, Mwafrika mwenzetu wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, alikuwa na tamaa hiyo. Mumewe Patrisi hakuwa mume mwepesi, lakini mwishoni alibatizwa, na Monika alijiandalia mahali pa kuzikwa karibu naye. Mwaka 387 akashikwa na homa huko Ostia, mbali na kwao, ng’ambo ya bahari. Mwanawe mmoja akasema afadhali mama angefia nyumbani. Monika akamtazama kwa jicho la kumwonya, akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote pale, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Agostino mwenyewe ameyaandika hayo katika Maungamo yake, akisema kwamba alistaajabu, kwa kuwa alijua jinsi mama alivyolijali kaburi lile.

Nawafikiria hapa akina mama wa Fizi waliovuka ziwa Tanganyika wakafika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, Tanzania. Wengi wao waliacha kaburi la mume huku, kwenye vilima ambako nyasi zimekwisha kulifunika, na wengine wamezikwa huko huko ugenini. Sijui kama waliambiwa habari za Monika. Ningependa waambiwe. Hawakuchagua kuacha, nami nimekwisha kusema kwamba aliyenyang’anywa tusimwite aliyeacha. Lakini Monika naye hakuichagua ile homa. Alichochagua ni jambo la kuomba alipoona kwamba hatafika kwao, naye aliomba altare, kwa sababu altare ni moja, Ostia na Tagaste, Nyarugusu na Kilembwe. Kila mwaka tarehe 2 Novemba tunapowaombea marehemu wote, mke aliyezikwa ng’ambo ya ziwa na mume aliyezikwa huku wanatajwa katika sala ile ile.

Basi nililifungua sanduku, siku ya Jumamosi, mchana, mlango ukiwa wazi, na dada zake mke wangu wakiwa wamekaa pamoja nami. Panya alikuwa ameharibu vitenge viwili. Vilivyobaki tulivitandaza juu ya mkeka, na kila mmoja alipotandazwa mtu alisema: hiki alivaa siku ya ubatizo wa fulani, hiki alikopa fedha kukinunua, tukagombana. Tulicheka, jambo ambalo sikulitegemea. Dada zake wakachukua vyao. Kile kipya nilimpa binti yangu, naye ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kukikata. Vile vya kufungia watoto vilikwenda kwa mama mmoja aliyejifungua pacha juma lile, na kuna siku nimemwona njiani akimbeba mtoto kwa kitenge cha mke wangu, nikasimama mpaka alipopita. Jembe nimelibakiza, nalilimia. Mikono yangu hailingani na mahali palipolika, lakini inazoea. Sufuria iko jikoni.

Sikupata imani kama mshahara wa kutoa vitu hivyo. Wala sipendi mtu afundishe hivyo, maana yatakuwa biashara. Usiku ule baada ya watu kuondoka nyumba ilikuwa tupu kuliko siku ya mazishi, nililia sana, kisha nikasali Rozari na nikagundua katikati yake kwamba nilikuwa nikiongea na Mtu. Ni hayo tu.

Ilibaki baiskeli. Nguo za mke wangu zilikuwa rahisi kutoa, nilipokwisha kuanza, watu walinishukuru. Kurudisha kitu ulichochukua ni jambo lingine, kwa kuwa hakuna shukrani, kuna haya tu. Nikaiosha. Nikaisukuma kwa miguu mpaka kwake, maana niliona si vema kufika nimeipanda. Nikamkuta anaanika mihogo. Nikamwambia, “Shemeji, hii ni ya watoto wa kaka. Niliichukua bila haki. Nisamehe.”

Akaizunguka. Akabonyeza breki, akavuta mnyororo, akatazama mipira. Akasema, “Ulipoichukua ilikuwa na kengele.”

Tunafundisha katika Katekisimu kwamba anayeungama wizi hana budi kurudisha kitu pamoja na hasara aliyosababisha. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa miaka mingi, nalo ni fupi, latosha robo saa. Miaka minne na zaidi ya matumizi, katika barabara zetu hizi, si robo saa. Kengele nimeinunua sokoni. Mnyororo nimeubadilisha. Mpira wa nyuma nilimwagiza kijana mmoja aniletee kutoka Misisi, ukafika. Koti bado lipo kwenye msumari, nililiona mlango ulipofunguliwa. Siku hizi nakwenda vijijini kwa miguu, na mpwa wangu, mtoto yule mwenye koti, hunipita barabarani akipeleka mihogo sokoni, hunisalimu kwa kengele. Mpira wa mbele bado nadaiwa.